Alama za Siafu

Jumatano, asubuhi

Kaka yangu Kengele,

Salamu zikufikie hapo nyumbani kwa mwanao, wewe, yeye, mkewe na wajukuu wote, pamoja na yule mdogo asiyekubali kuogeshwa na mtu mwingine ila babu. Kabla ya jambo lolote nataka kujua hali ya goti lako la kushoto, kama limekubali kupanda zile ngazi au bado linagoma kama wanafunzi wa bweni. Na macho je? Katika barua yako ya mwisho mistari ilikuwa inateremka kuelekea pembe ya karatasi, nikajua kwamba miwani hujabadilisha. Badilisha, Kaka. Tuliwachapa watoto wa watu kwa mistari iliyonyooka kuliko hiyo.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu. Sukari yake imeshuka tangu alipokubali kuacha kujidanganya kwamba chai ya jirani haihesabiwi. Mimi presha inapanda na kushuka, lakini natembea, nasoma bila miwani mchana, na meno yangu ya mbele bado ni ya kwangu. Kwa umri wetu mtu akiwa na hayo matatu hana haki ya kunung'unika.

Barua yako niliipata siku mbili tu baada ya wewe kuiposti. Tangu posta za nchi zetu zianze kutumia stempu moja, mambo yamekuwa hivyo. Unakumbuka miaka ile barua ilivyokuwa ikizunguka miezi minne kupitia nchi ya tatu, ikafika imefunguliwa na watu wasiojua hata kuirudisha karatasi katika mikunjo yake? Kwa hiyo usiilaumu posta kwamba jibu langu limechukua siku ishirini na moja. Aliyechelewa ni mimi, na sababu utaiona humu.

Uliniandikia kwamba Siafu amepeleka ombi katika Kamati yetu. Ukaongeza maneno ambayo nimeyasoma mara nyingi: mdogo wangu, wewe uko ndani, mwangalizie mtoto. Nimemwangalizia. Nitakueleza kila kitu kwa utaratibu, nawe nakuomba usome kwa utaratibu huohuo, usirukie mwisho. Najua tabia yako ya kuanza gazeti kwa ukurasa wa nyuma.

Kazi ya Kamati, kama ulivyosikia redioni, ni kulinganisha vyeti vya nchi za Jumuiya, ili mtoto aliyesoma kwenu aajiriwe kwetu, na wa kwetu aajiriwe kwenu, bila kuulizwa babu yake alizikwa wapi. Lakini tumepewa na fungu la pili, zito zaidi. Ni karatasi za mitihani za miaka ile mibaya, wakati bodi ilikuwa moja na watu wa kwenu bado mnaishi huku pamoja nasi. Mtu yeyote anayeamini kwamba alionewa anaruhusiwa kuomba karatasi zake zitolewe ghalani zikaangaliwe upya.

Tunakaa katika jengo lililokuwa bohari ya vitabu. Katikati ya ukumbi zipo meza mbili ndefu zilizounganishwa. Moja ililetwa na serikali yenu na nyingine na yetu, na kwa kuwa mafundi hawakuulizana, yenu imezidi yetu kimo kwa unene wa vidole viwili. Mtunza kumbukumbu, ambaye ni mtu wa kwenu na ambaye kila mtu anamwita Bwana Vumbi kwa sababu hatoki ghalani bila kupiga chafya, anasema kwamba hiyo ndiyo Jumuiya yenyewe: weka kikombe chako popote, lakini usikiweke mpakani. Siku tatu za mwanzo zilikwisha kwa kubishana ni nchi ipi itangulie kutajwa juu ya fomu. Mwenyekiti, mama mmoja kutoka nchi ya tatu asiye na subira na mambo ya kitoto, aliamuru zichapwe fomu za aina mbili, zitumike kwa zamu, na atakayeleta ubishi mwingine akanywe chai yake uani. Bwana Vumbi akaninong'oneza kwamba sisi tuliopigana miaka sita leo tumeshindwa kugombana hata wiki moja. Nilicheka. Nataka ujue kwamba nilikuwa nacheka siku hizo.

Jambo moja halikunichekesha. Siku ya ufunguzi Mwenyekiti alisoma sifa za kila mjumbe. Aliponifikia alisema kwamba mimi ni mwalimu mstaafu wa lugha, kwamba nilisahihisha mitihani miaka kumi na saba, na kwamba wakati wa machafuko niliificha familia ya jirani yangu siku tisa katika stoo ya nyumba yangu, kisha nikaisindikiza hadi darajani nikisukuma sanduku lake juu ya baiskeli. Ukumbi mzima ulipiga makofi, watu wa kwenu zaidi kuliko wa kwetu. Jambo hilo ni la kweli na wewe ndiwe uliyewaandikia. Nilitazama meza mpaka makofi yakaisha. Wakadhani ni unyenyekevu.

Siafu alikuja Jumatatu iliyofuata barua yako. Aliingia na mkoba wa plastiki ulioshikwa kwa mikono miwili, akanisalimu mimi kwanza mbele ya wote, shikamoo Baba Mdogo, kisha akakumbuka kwamba mkubwa wa pale ni Mwenyekiti, akamwomba radhi. Mwili umeongezeka kidogo na nywele za mbele zimeanza kuwa nyeupe, lakini mwendo ni uleule wa kukimbia bila kukimbia uliompa jina lake akiwa na miaka minne.

Aliulizwa ombi lake, akalieleza vizuri, bila neno la ziada. Alisema kwamba ni mwaka wa ishirini na mbili sasa yeye ni mhudumu katika zahanati ya mji wa mpakani. Anapiga deki, anachemsha vyombo, anabadilisha mashuka. Wauguzi wapya wakija hawawezi kupata mshipa wa mtoto mchanga, yeye ndiye anayewaonyesha. Baada ya miezi mitatu, alisema, haohao wanamwita: we mama, lete ndoo. Watu walicheka, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kucheka. Anachotaka ni kuingia chuo cha uuguzi. Chuo kinadai cheti cha kidato cha nne, na hakipokei mtu aliyetimiza miaka arobaini na mitano. Siafu anatimiza miaka hiyo tarehe kumi na mbili ya mwezi huu. Wewe ni baba yake, tarehe hiyo sihitaji kukukumbusha.

Mwenyekiti akamuuliza alidhani ni nini kilichotokea mwaka ule, maana hati ya matokeo inaonyesha ameanguka masomo yote matano. Alijibu kwamba hajui mpaka leo. Alisema angeelewa kama angeanguka mawili, hata matatu. Alisema kwamba kwa muda mrefu alijishawishi kwamba huenda siku zile alikuwa na homa, ingawa anakumbuka vizuri kwamba hakuwa na homa. Kisha akaambiwa asubiri nje, kwa sababu mwombaji haruhusiwi kuwapo karatasi zikifunguliwa.

Bwana Vumbi alileta vijitabu vitano vya majibu vilivyofungwa kwa kitani, akaviweka kwenye meza na kupiga chafya. Kila kimoja kilikuwa na jambo lilelile juu ya jalada. Jumla ya alama kwa wino mwekundu, nyingi, za mtoto anayejua anachokifanya. Juu yake mstari mmoja wa wino wa kijani, na kando yake namba nyingine ya kijani, ndogo, chini kidogo tu ya kiwango cha kufaulu. Vijitabu vyote vitano.

Utaratibu wetu wa zamani unaujua, lakini nitauandika kwa kuwa una maana hapa. Wasahihishaji wa meza walitumia wino mwekundu. Wino wa kijani ulikuwa wa kiongozi wa meza peke yake. Kijani kikishaandika, kilikuwa neno la mwisho, na hakuna aliyedai maelezo. Kamati nayo imeiheshimu desturi hiyo katika kanuni yake ya tisa: alama ya kijani haifutwi isipokuwa mmoja wa viongozi wa meza wa mwaka huo ataandika na kutia sahihi kwamba alama zilibadilishwa bila msingi. Akiandika mmoja, meza zote za mwaka huo zinafunguka. Asipoandika hata mmoja, kijani kinabaki.

Orodha ya viongozi hao iliungua pamoja na ofisi ya bodi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mjumbe anayewafahamu. Nilisimama. Nilisema kwamba wa jiografia na wa baiolojia wamekwisha kufariki, kwamba wa hesabu yuko hai lakini akili imemtoka, hamjui hata binti anayemlisha, na kwamba wa kemia alihamia ng'ambo na hajasikika. Akauliza kuhusu wa tano, wa lugha. Nikasema sina uhakika. Maneno hayo yamo katika muhtasari wa kikao, na chini yake ipo sahihi yangu.

Wajumbe walisikitika, Bwana Vumbi akatukana kwa lugha ya mama yake, kisha Mwenyekiti akaomba mikono. Ombi lilikataliwa kwa kukosa ushahidi. Mkono wangu ulikuwa juu pamoja na mingine.

Siafu aliitwa akaambiwa. Alishukuru. Nilipotoka nilimkuta kwenye korido akifunga mkoba wake, na nilitaka kupita, lakini alinisimamisha akanishukuru mimi hasa, akisema anajua nimejitahidi. Kisha, kwa kunifariji, alinitania. Alisema kwamba ule ushauri wangu wa zamani umemkaa kichwani kama ukucha katika nyama. Tangu mwaka ule alipoambiwa na baba yake kwamba mimi nimesema hakurudia kusoma majibu yake, hawezi kufanya jambo lolote bila kulirudia. Anafunga mlango, anafika barabarani, anarudi kuutikisa. Anapima dawa mara mbili, anahesabu mashuka mara mbili. Mumewe wa kwanza, alisema, alimwacha kwa sababu ya jiko, kwa kuwa alikuwa akiamka kwenda kulitazama kama limezimwa. Alicheka sana. Akasema, kwa hiyo Baba Mdogo, mimi nimekuwa mwanafunzi wako mzuri kuliko wote.

Kaka, kiongozi wa meza ya lugha mwaka ule nilikuwa mimi. Wewe ulijua kwamba nasahihisha, lakini cheo hicho sikukutajia, kwa sababu tulikatazwa kukitaja. Kijani kilicho juu ya kijitabu chake cha lugha ni cha mkono wangu.

Ilikuwa wiki ya pili ya usahihishaji. Alikuja ofisa mmoja kutoka makao makuu, mtu mpole mwenye kikohozi, akatuita viongozi watano katika maabara ya shule ile. Alisema kwamba nafasi za kidato cha tano ni chache na kwamba watoto wa vituo fulani, akavitaja kwa namba, vyote vya mitaa ya watu wa kwenu, wasichukue zaidi ya robo. Kila meza ishushe kumi na wawili chini ya kiwango. Wa kemia akamuuliza kama atatupatia hayo kwa maandishi. Akacheka, akasema walimu bwana, mnapenda kuandikiwa hata yale mnayoyaelewa. Hakututisha. Mlangoni hapakuwa na askari. Tungeweza kukataa, na nadhani jambo baya zaidi ambalo lingetupata ni kutoitwa tena mwaka uliofuata. Naliandika hili kwa sababu kwa miaka mingi nimewaacha watu waamini kwamba nyakati zile kila mtu alishikiwa bunduki kichwani. Mimi sikushikiwa.

Nilirudi mezani kwangu na vijitabu vya vituo hivyo. Usinicheke, Kaka, nilijiona mtu wa huruma. Nilisema moyoni kwamba nikimshusha mtoto dhaifu nitamwua, kwa kuwa hana kingine cha kutegemea. Afadhali niwachukulie walio na nyingi. Cheti kilihitaji kufaulu masomo manne kati ya matano. Mtoto hodari akipoteza somo langu moja, atabaki na manne yake, atapita tu. Basi nikachagua kumi na wawili wenye alama za juu kabisa.

Karatasi zilikuwa na namba bila majina. Lakini ya tatu kutoka juu niliijua kabla sijasoma sentensi ya kwanza. Ile herufi ya J inayopinda mkia kama ndoana nilimfundisha mimi, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye meza yangu ya kulia chakula, wakati wewe na shemeji yako mkibishana uani juu ya mpira. Nilijua ni Siafu. Nilijua ni hodari katika masomo yote, na ndiyo maana sikusita kwa muda mrefu. Nilijiambia, huyu hata nikimvunja kidole kimoja ataandika kwa vingine. Nikapiga mstari.

Siku matokeo yalipobandikwa nilisimama ubaoni pamoja na wa hesabu. Nilitafuta namba ile nikaikuta haina hata somo moja. Wa hesabu naye alikuwa akitafuta namba zake, uso umembadilika. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye aliwachukulia walionona, kwa kuwa aliona watastahimili. Nikamwambia nami nilifanya hivyohivyo. Hatukuwauliza wenzetu watatu. Tulikuwa kama wapishi watano waliotia chumvi katika chungu kimoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake jikoni. Watoto waliokuwa bora kuliko wote wa vituo vile ndio walioanguka kila mahali, na tuliowaangusha ni sisi tuliojihesabia huruma.

Lakini kosa hilo ningeweza kulitengeneza, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Jioni ileile ulikuja kwangu. Ulikuwa umevaa koti lako la kijivu kana kwamba unakwenda ofisini. Ulisema kwamba Siafu analia, anaapa kwamba haiwezekani, na anataka karatasi zake zisahihishwe upya. Siku thelathini za rufaa ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza. Ukaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa ndani, kama kuna faida. Rufaa ingefunua kijani. Nilikuwa najua hivyo nilipokujibu. Nilikwambia usijisumbue. Nilikwambia kwamba nimewaona wengi kama yeye, watoto wepesi wa akili wanaojiamini mno, wanaomaliza mapema na kukaa wakichora pembeni badala ya kurudia majibu yao. Nilikwambia uzembe hauna rufaa. Uliguna, ukanywa chai yako, ukanishukuru.

Ukaenda ukamwambia mtoto wako hivyo. Ukamtoa katika mipango ya shule, ukakaa karibu miezi mitatu bila kuzungumza naye ila kwa amri. Mama yake, marehemu, alikuja kutuomba tukusihi. Shemeji yako alikuja kukusihi. Mimi nilisema nina kazi.

Kisha nyumba za watu wa kwenu zikaanza kuchomwa, na mkaingia stoo yangu kwa mlango wa nyuma, watu sita katika chumba cha magunia. Siku tisa nilikuleteeni chakula. Kila uliponishukuru nilizidi kuukagua mlango. Watu wanaita ule ushujaa. Mimi nilikuwa siwezi kukutazama, na njia pekee ya kutokukutazama ilikuwa kukaa nje nikilinda. Siafu alikaa pembeni kabisa, mbali na wewe, akiwa amekunja magoti. Siku ya saba alinifanyia kazi ya kushona vifungo vya shati langu ili asikae bure.

Baada ya Kamati kumkataa nilikaa siku kumi na moja. Nilikwenda vikaoni, nikasahihisha koma katika fomu za watu, nikala, nikalala. Nisingependa udhani kwamba ni ujasiri ulioniamsha. Alikuja mama mmoja mzee wa kwenu aliyesafiri siku mbili. Mwanawe alifanya mtihani mwaka uleule katika kituo kilekile, naye aliuawa darajani wiki mbili baada ya ninyi kuvuka. Mama hakutaka cheti, maana cheti angempa nani. Alitaka tu kujua kama mtoto wake alikuwa mjinga, kwa sababu alikuwa amemwita mjinga siku ya matokeo na hakupata nafasi ya kumwomba radhi. Vijitabu vikaletwa. Juu ya kile cha lugha nikauona mstari wangu. Kanuni ya tisa ikasomwa, mama akaambiwa alama zinabaki. Akauliza kama anaruhusiwa kukishika kile kijitabu. Mwenyekiti alivunja utaratibu akampa. Alikishika kikiwa kimegeuka juu chini, maana hakujua kusoma.

Niliomba ruhusa, nikapanda basi hadi zahanati. Siku hizi mpakani ni dirisha moja tu, askari wa kwenu na wa kwetu wanakula karanga katika kikapu kimoja, wananipungia mkono bila kufungua kitambulisho. Nilimkuta Siafu karibu na sinki akikunja bandeji. Nilimweleza nikiwa nimesimama, yote, kama nilivyokuandikia wewe, ijapokuwa kwa mpangilio mbaya zaidi. Hakuacha kukunja. Nilipomaliza, aliendelea mpaka beseni likaisha. Sikuomba msamaha, kwa kuwa niliona kwamba kumwomba ni kumpa kazi nyingine juu ya kazi zake. Aliniuliza jambo moja tu. Aliniuliza: yako ilikuwa ngapi? Nilidhani sikuelewa. Akarudia, kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake, kwamba anataka kujua wino mwekundu ulikuwa umesema ngapi. Nikamtajia. Akataka na mengine manne, nikamtajia, maana nilikuwa nimeyashika yote kwa moyo. Aliyarudia kwa midomo, bila sauti. Akaita muuguzi mmoja msichana, akamwambia amalizie zamu yake, akavua aproni akatoka. Hakuniaga.

Kesho yake nilisoma maelezo yangu mbele ya Kamati na kutia sahihi kila ukurasa. Niliandika pia kwamba nilidanganya katika muhtasari. Mwenyekiti alisema kwamba Kamati hii haikuundwa kuhukumu watu, imeundwa kuhukumu alama, na kwa hiyo hana la kuniambia isipokuwa kwamba mimi si mjumbe tena. Bwana Vumbi hakufanya mzaha. Alifungua daftari kubwa, akalowesha kidole, akasema: taja namba za wale wengine kumi na mmoja. Nilizitaja moja moja naye akaziandika bila kuinua macho. Wanne wamekwisha kupatikana. Wawili walikufa. Waliobaki wanatafutwa katika nchi tatu. Yule mama mzee ametumiwa gari limrudishe.

Cheti cha Siafu kimechapwa. Kina daraja la kwanza na mihuri ya nchi mbili, yenu ikiwa imetangulia kwa kuwa ilikuwa zamu yenu. Chuo kimempokea, siku nane kabla ya tarehe kumi na mbili.

Jana alinipigia simu, akazungumza kwa muda mfupi. Alinitaka nikuandikie yote kwa mkono wangu, nisikufiche chochote, hasa ile jioni ya koti la kijivu, kwa sababu anataka ulijue hilo kutoka kwangu kabla hajafika. Ila alinikataza kitu kimoja. Zile namba tano nisiziandike. Alisema anakuja kwako Jumapili kwa basi la asubuhi, na atakutajia mwenyewe.

Kwa hiyo, Kaka, sizitaji humu. Nakuomba ukae kitini ukimsubiri, usiende kumpokea stendi kwa goti hilo, na akianza kusema usimkatize.

Shemeji yako amesoma barua hii yote. Anakusalimu wewe, na ananiagiza niandike kwamba salamu zake ni zake peke yake, zisichanganywe na zangu. Za kwangu utaziweka pale utakapoona panafaa, hata zikikaa nje.

Ni mimi niliyekuwa jirani yako,

Bwana Nukta